Pedali ya gitaa ya kujitengenezea: kilichomo ndani ya kiboksi, na kwa nini nyingi hukataa kulia

Mazungumzo kuhusu pedali za kutengeneza nyumbani huvutana pande mbili. Kuna wanaoamini kwamba bila kusomea uhandisi wa umeme huwezi hata kuanza. Kuna na wale wanaosema ni suala la kufuata mchoro tu, jioni moja kazi imekwisha. Wote wamekosea, kila mmoja kivyake. Saketi ya pedali rahisi ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Unaweza kuielewa yote kwa hesabu ya kuzidisha na kugawanya. Kinachowashinda watu ni vile vitu vinavyoizunguka: swichi ya kukanyaga, tundu la adapta, waya wa ethi ambao haukufika. Pedali iliyolala mezani kimya, mara nyingi saketi yake ni nzima kabisa ila swichi imefungwa ikiwa imegeuka robo mzunguko.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Pikapu ya gitaa la umeme ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mizunguko maelfu. Uzi ukitikisika juu yake, huzaliwa umeme mdogo unaopanda na kushuka sawasawa na mtikisiko wa uzi. Umeme huo ndio tunaouita ishara. Ni mdogo: kwa gitaa la kawaida ni kama milivolti 100, na zaidi ukipiga kwa nguvu au pikapu ikiwa kali. Pedali ni saketi inayokaa kati ya gitaa na amplifaya na kuibadilisha ishara hiyo kabla haijakuzwa.

Ethi, kwenye pedali, haina uhusiano wowote na chuma kilichozikwa ardhini. Ni ile sehemu tuliyokubaliana kuiita volti sifuri, na kila kipimo huhesabiwa kutoka hapo. Upande hasi wa betri, mwili wa kiboksi na ganda la nje la kila jeki vyote ni ethi, na vyote lazima viwe vimeungana.

Vipande vyenyewe ni vitano tu. Rezista hubana mkondo. Kapasita hupitisha ishara inayopanda na kushuka, lakini huuzuia umeme tulivu wa betri. Transista, yenye miguu mitatu iitwayo beisi, kolekta na emita, huruhusu mkondo mdogo uongoze mkondo mkubwa. Dayodi hupitisha umeme upande mmoja, tena baada tu ya kufikia volti fulani. Potenshomita ni rezista yenye nobu ya kuzungusha. Hapo umeshajua karibu kila kilichomo ndani ya pedali ya ovadraivu.

Kukuza, kukata, kuchuja

Pedali zote za kukwaruza sauti, ziitwe fazi, ovadraivu au distoshoni, hufanya mambo matatu: hukuza ishara, huikata, kisha huichuja. Tofauti iko kwenye kiasi na mpangilio.

Kukata ndiko kunakowachanganya wengi. Ishara ikikuzwa kupita nafasi iliyopo, vilele vyake vinabamizwa vikawa bapa, kama mtoto anayerukaruka kwenye chumba chenye dari fupi: hata aruke kwa nguvu gani, kichwa kinaishia pale pale. Wimbi ambalo lilikuwa la mviringo linakuwa na mabega. Mabega hayo ndiyo sauti mpya, kwa sababu wimbi bapa hubeba ndani yake masafa ya juu, yaani mitikisiko ya kasi zaidi, ambayo hayakuwepo kwenye uzi. Ndiyo maana noti moja iliyokwaruzwa husikika nene. Na ndiyo maana pia akodi yenye noti nyingi hugeuka uji: masafa hayo mapya yanagombana.

Wazo lenyewe lilianzia kwenye hitilafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika studio moja ya Nashville, gitaa la besi la mwanamuziki Grady Martin lilipita kwenye mtambo mbovu wa kurekodia na kutoka na mkwaruzo ambao haukutarajiwa. Fundi mitambo Glenn Snoddy akatafuta namna ya kuupata mkwaruzo ule kwa makusudi, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikauza pedali ya Maestro Fuzz-Tone. Tangu hapo kinachouzwa kwa jina la fazi ni ubovu uliopangwa vizuri.

Saketi moja inayotosha kuanzia

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Electro-Harmonix ilitoa busta ndogo, yaani pedali ya kukuza tu, iitwayo LPB-1, ya transista moja tu. Saketi ya jinsi ile ndiyo shule bora, maana inakuza bila mbwembwe, na ukiongeza dayodi mbili inageuka distoshoni. Mahitaji ni haya:

- transista 1 ya 2N5088 (2N3904 au BC549C zinafaa pia)
- rezista 4: 470k, 47k, 10k (k ni omu elfu) na omu 390, zote za robo wati
- kapasita 2 za nanofaradi 100, zilizoandikwa 104
- kapasita 1 ya nanofaradi 4.7, iliyoandikwa 472
- kapasita 1 ya elektroliti ya mikrofaradi 100, ya volti 16 au zaidi
- dayodi 2 za 1N4148, na 1 ya 1N5817
- potenshomita 1 ya 100k, aina ya A
- LED 1 (dayodi inayowaka kama taa) na rezista yake ya 4.7k
- jeki 2 za milimita 6.35: moja ya mono, moja ya stirio
- swichi ya kukanyaga yenye pini tisa, tundu la adapta, klipu ya betri ya volti 9

Namba ya kapasita husomwa hivi: tarakimu mbili za kwanza, kisha idadi ya sifuri, jibu likiwa pikofaradi. Kwa hiyo 104 ni 10 na sifuri nne, yaani pikofaradi 100,000, sawa na nanofaradi 100. Kapasita ya 103 ni sehemu ya kumi ya hiyo. Ukizichanganya pedali italia, ila kwa sauti usiyoitarajia.

Mpangilio ni huu. Rezista ya 470k inatoka chanya ya betri hadi beisi ya transista, na ya 47k inatoka beisi hadi ethi. Kolekta inaungwa na chanya kupitia 10k. Emita inashuka ethi kupitia omu 390. Ishara ya gitaa inaingia kwenye beisi kupitia kapasita ya kwanza ya nanofaradi 100, na inatoka kwenye kolekta kupitia ya pili. Baada ya hiyo ya pili inafika mguu wa 3 wa potenshomita. Mguu wa 1 unakwenda ethi, na mguu wa 2, ule wa katikati, ndio unaopeleka sauti nje.

Sasa ielewe saketi badala ya kuikariri. Rezista mbili za beisi zinagawana volti 9 za betri: 47 gawanya kwa 517, zidisha kwa 9, unapata karibu volti 0.8. Transista inahitaji kama volti 0.6 kati ya beisi na emita ili iamke, kwa hiyo emita inabaki na volti 0.15 hadi 0.2. Volti hizo kwenye omu 390 zinatoa mkondo wa karibu nusu miliampea. Mkondo huo huo unapita kwenye 10k na kula volti 4 au 5, hivyo kolekta inatulia karibu na katikati ya betri. Katikati ndipo tunapopataka, ili ishara iwe na nafasi ya kupanda na ya kushuka.

Kiasi cha kukuza ni rezista ya kolekta gawanya kwa ya emita: 10,000 kwa 390, kama mara 25. Kwa kuwa transista yenyewe ina ukinzani kidogo ndani yake, kwa uhalisia ni karibu mara 20. Milivolti 100 za gitaa zinatoka zikiwa volti 2.

Hapo ndipo dayodi zinapoingia. Zifunge kati ya mguu wa 3 wa potenshomita na ethi, zikiwa zimepishana: mstari mweusi wa moja uelekee ethi, wa nyingine uelekee potenshomita. Dayodi ya silikoni hufunguka karibu na volti 0.6. Volti 2 zako zinakatwa hapo, juu na chini. Mwishowe weka ile kapasita ya nanofaradi 4.7 sambamba na dayodi. Itaanza kumwaga masafa ya juu kuanzia karibu hezi 3,400 na kuupunguzia mkwaruzo makali yake.

Angalia kwa makini mahali dayodi zinapokaa, kwa sababu kosa hili linarudiwa sana. Lazima ziwe baada ya kapasita ya kutokea, kamwe si moja kwa moja kwenye kolekta. Kolekta ina volti 5 za umeme tulivu. Dayodi ikifungwa pale itauvuta umeme huo hadi 0.6, transista ikose nafasi ya kutikisika, na utasikia mkwaruzo hafifu unaokatika kabla noti haijaisha, au kimya.

Kuanzia hapa unaweza kuchezea sauti. Badilisha dayodi ziwe LED mbili nyekundu: zinafunguka karibu na volti 1.7, kwa hiyo sauti inakuwa kubwa na safi zaidi, na ukipiga taratibu hazikati kabisa. Weka dayodi za jerimani (yaani za germanium badala ya silikoni), zinafunguka karibu na 0.3: mkwaruzo unakuja mapema na sauti inashuka. Weka LED upande mmoja na 1N4148 upande mwingine, vilele vya juu na vya chini vikatwe kwa viwango tofauti. Punguza kapasita ya kuingilia kutoka nanofaradi 100 hadi 10, na besi zitaanza kupungua chini ya hezi 450 hivi. Uji wa noti za chini unapungua sana. Kwa maoni yangu mabadiliko haya ya mwisho yana faida kuliko kubadilisha dayodi aina kumi.

Saketi hii ina udhaifu mmoja. Ukinzani wake wa kuingilia ni kama kilo-omu 35, wakati pikapu za gitaa hupenda kukutana na kilo-omu 500 au zaidi. Ikifungwa moja kwa moja baada ya gitaa, inalemea pikapu na sauti inapoteza mng'ao kidogo. Ikikaa nyuma ya pedali nyingine yenye bafa, yaani saketi ndogo inayoipa ishara nguvu bila kuilemea pikapu, tatizo linaisha.

Bredibodi kwanza, lehemu baadaye

Bredibodi ni ubao wa plastiki wenye mashimo ya kuchomekea vipande bila kulehemu. Jenga saketi hapo kwanza. Itavuma kidogo, maana nyaya ndefu zilizo wazi hudaka mvumo wa umeme wa nyumbani. Usihangaike nao, ukiingia kwenye kiboksi cha chuma utapungua. Unachotafuta hapa ni jambo moja: je, saketi inakuza na kukata?

Transista ndiyo huwekwa vibaya zaidi. Ishike 2N5088 au 2N3904 upande bapa ukikutazama na miguu ikielekea chini: kutoka kushoto ni emita, beisi, kolekta. BC549 ni kinyume: kolekta, beisi, emita. Zina umbo lile lile, rangi ile ile. Mchoro uliochorwa kwa ajili ya moja ukiweka nyingine, ni kuizungusha tu.

Halafu kuna rangi za rezista. 470k ni njano, zambarau, njano. 47k ni njano, zambarau, chungwa. Chini ya taa hafifu huwezi kuzitofautisha. Pima kila rezista kwa multimita, kile kifaa cha kupima volti na ukinzani, kabla ya kuichomeka. Rezista za asilimia 1 zina mistari mitano na rangi hizo hubadilika, kwa hiyo macho pekee hayatoshi.

Umeme: volti, ampea na ile pini ya katikati

Kuna hofu moja inayoenea sana: kwamba adapta ya ampea 2 itaiunguza pedali inayohitaji miliampea 10. Si kweli. Ampea zilizoandikwa kwenye adapta ni kiwango cha juu inachoweza kutoa, na pedali huchukua inachohitaji tu. Zinazounguza ni volti zisizofaa na nguzo zilizogeuzwa.

Pedali nyingi hutumia volti 9 za umeme tulivu, plagi ya milimita 5.5 kwa 2.1, na pini ya katikati ikiwa hasi. Ndiyo, hasi, tofauti na adapta nyingi za vifaa vingine vya nyumbani ambazo katikati ni chanya. Kwa sababu hiyo weka dayodi ya 1N5817 kwenye njia ya chanya, mstari wake ukielekea kwenye saketi. Mtu akichomeka adapta iliyogeuzwa, umeme hautapita, na gharama yake kwako ni kupoteza volti 0.3 hivi. Baada ya dayodi hiyo funga kapasita ya mikrofaradi 100 kati ya chanya na ethi ili ipunguze mvumo wa adapta. Elektroliti ina upande: mstari wenye alama ya kutoa ni hasi.

Pini ya katikati kuwa hasi kunaleta mtego mwingine. Ganda la nje la plagi linakuwa ndilo lenye volti 9. Ukitumia tundu la adapta la chuma kwenye kiboksi cha chuma, ambacho ni ethi, umeunganisha chanya na hasi ana kwa ana. Tumia tundu la plastiki.

Kwa betri, jeki ya kuingilia iwe ya stirio. Hasi ya betri ifungwe kwenye mguu wa ringi wa jeki hiyo, ule wa ziada ambao jeki ya mono haina. Plagi ya kawaida ya gitaa ikiingia, mwili wake unaunganisha ringi na ethi, na pedali inawaka. Ukiitoa, inazima. Anayeacha waya wa gitaa umechomekwa usiku kucha anaimaliza betri hata kama swichi imezimwa. Saketi yenyewe inakula chini ya nusu miliampea. LED yenye rezista ya 4.7k inakula kama 1.5. Kwa hiyo kinachokula betri zaidi ni taa.

Swichi yenye pini tisa

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, basi twende polepole. Swichi hii ni swichi tatu zilizofungwa pamoja. Ishike pini zikikutazama, vibapa vyake vikiwa vimelala mlalo, uzihesabu kama unavyosoma: 1, 2, 3 juu, 4, 5, 6 katikati, 7, 8, 9 chini. Pini za katikati ndizo zinazohama. Ukikanyaga mara moja, 4 inaungana na 1, 5 na 2, 6 na 3. Ukikanyaga tena, 4 inahamia 7, 5 inahamia 8, 6 inahamia 9.

Funga hivi: jeki ya kuingilia kwenye 4, na jeki ya kutokea kwenye 6. Unganisha 1 na 3 kwa kipande cha waya. Pini ya 7 inakwenda mwanzo wa saketi, ya 9 inatoka mguu wa 2 wa potenshomita. LED: mguu mrefu unapata chanya kupitia rezista ya 4.7k, mguu mfupi unakwenda 5. Pini ya 8 inakwenda ethi. Pini ya 2 haina kazi. Pedali ikizimwa, ishara inatoka 4, inapita 1, inavuka hadi 3, inatoka 6, saketi imerukwa.

Ukiigeuza swichi robo mzunguko, mistari ya mlalo inakuwa ya wima na ya wima inakuwa ya mlalo, na hakuna kitakachofanya kazi. Usiamini macho. Weka multimita kwenye mlio wa mwendelezo (hulia sehemu mbili zikiwa zimeungana), gusa 4 na 1, kanyaga, gusa 4 na 7. Dakika moja hii inaokoa kufumua nyaya nane.

Na wakati wa kulehemu pini hizo usizidishe sekunde tatu kwa kila moja. Plastiki ya ndani ikilainika, pini inainama na swichi inaanza kugoma, leo inashika kesho haishiki.

Mpangilio huu huitwa baypasi halisi, na kuna imani kwamba ndio bora siku zote. Hapana. Waya wa gitaa una kapasita ndani yake, kwa kawaida kama pikofaradi 100 kwa kila mita. Ukiwa na mita 10 za waya na pedali kadhaa za baypasi halisi zilizozimwa, pikapu inasukuma pikofaradi 1,000, na masafa ya juu yanapotea njiani. Pedali moja yenye bafa mwanzoni mwa mnyororo inalimaliza hilo. Kwa pedali mbili na waya mfupi, baypasi halisi haina shida yoyote.

Kulehemu na kufunga

Saketi ikishalia kwenye bredibodi, ihamishie kwenye ubao wa shaba wa kulehemia. Tumia risasi ya kulehemia ya vifaa vya elektroniki, yenye utomvu ndani, unene wa milimita 0.7 au 0.8. Risasi ya mabomba ina asidi. Itakula shaba ya ubao wako. Chuma kiwe karibu nyuzi 350. Pasha mguu wa kipande na shaba kwa pamoja, kisha gusisha risasi kwenye kiungo, si kwenye ncha ya chuma. Kiungo kizuri kinang'aa na kimebonyea pembeni. Kilicho kama shanga ya duara juu ya shaba hakijashika. Risasi isiyo na lede (ile metali yenye sumu) hubaki na weupe wa ukungu hata ikishika vizuri, kwa hiyo angalia umbo, usiangalie mng'ao. Fungua dirisha, na nawa mikono kabla ya kula, kwa kuwa risasi nyingi za aina hii zina lede.

Volti 9 hazitakuumiza. Lakini usichukulie ujasiri huo hadi kwenye amplifaya ya valvu: mle ndani mna volti mia kadhaa, na kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi.

Kiboksi kiwe cha alumini. Tundu la swichi ni milimita 12, la jeki ni karibu 9.5, la potenshomita ya milimita 16 ni 7. Toboa kwanza tundu dogo la kuongozea, vinginevyo kekee itateleza na kuchora uso wote. Ubao ukiingia, weka kipande cha kadibodi au povu chini ya potenshomita. Mgongo wake wa chuma ukigusa viungo vya nyuma ya ubao, pedali inakufa pale unapofunga mfuniko na kufufuka ukiufungua.

Ikikataa kulia

Anza na swali moja: sauti inapita pedali ikiwa imezimwa? Kama haipiti, acha saketi kabisa. Kosa liko kwenye swichi, jeki au waya kati yake, na mara nyingi ni ncha na ethi ya jeki zilizobadilishana.

Kama inapita ikizimwa na inakufa ikiwashwa, chukua multimita, waya mweusi kwenye ethi, mwekundu kwenye miguu ya transista. Beisi iwe kati ya 0.7 na 0.8, emita karibu 0.15, kolekta kati ya 4 na 6. Kolekta ikisoma karibu 9, transista haipitishi: imegeuzwa, beisi haikupata umeme, au emita haijashika. Kolekta ikisoma chini ya 1, inapitisha kupita kiasi, na mtuhumiwa wa kwanza ni 470k na 47k zilizobadilishana nafasi. Ukisoma sifuri kila mahali, umeme haufiki. Angalia upande wa 1N5817.

Volti zikiwa sawa na bado kimya, tengeneza kichunguzi cha sauti: waya wa gitaa uliochomekwa kwenye amplifaya, ncha yake ya pili ikiwa na kapasita ya nanofaradi 100, na ethi yake imebanwa kwenye ethi ya pedali. Chomeka muziki wa simu mahali pa gitaa, sauti ikiwa chini. Gusa kwa mguu wa kapasita: jeki ya kuingilia, beisi, kolekta, potenshomita, jeki ya kutokea. Sauti inapopotea, kosa liko kati ya pale na mahali pa mwisho ulipoisikia.

Mengine ni madogo. Nobu ikifanya kazi kinyume, badilisha miguu ya 1 na 3. Sauti ikiruka ghafla mwanzoni mwa mzunguko kisha isibadilike tena, umenunua potenshomita ya B badala ya A. Mvumo unaopungua ukigusa kiboksi kwa mkono unaonyesha kiboksi hakijaungwa na ethi.

Vipi kuhusu vipande vya zamani?

Kuna wanaoamini kwamba bila transista za jerimani za miaka ya 1960 huwezi kupata sauti ya kweli. Pedali ya fazi iitwayo Fuzz Face, ya mwaka 1966, ilianza na transista za jerimani, baadaye ikahamia silikoni kama BC108, na zote mbili zina wapenzi wao. Jerimani huvujisha mkondo na hubadilika na joto, hivyo pedali iliyokaa juani haitalia kama ilivyolia asubuhi. Kwa pedali ya kwanza ni kujitafutia kazi. Kuhusu kapasita, thamani yake husikika waziwazi; jina lililochapishwa juu yake, kwenye saketi ya aina hii, halina uzito huo. Rezista za kaboni za kizamani zina jambo moja la hakika: huongeza mchakacho.

Ukishaizoea hii, wengi hukimbilia ekho, na chipu ya PT2399 ndiyo inayotumika sana kwenye ekho za nyumbani. Inachelewesha sauti kati ya milisekunde 30 na 340 hivi. Ukiilazimisha kupita hapo, kelele zinaongezeka. Inataka volti 5, kwa hiyo lazima itanguliwe na 78L05, kipande kinachoshusha volti hadi 5, kwa sababu haivumilii 9. Pini yake ya 6 ndiyo inayopanga muda wa ekho, na huwa inagoma kuamka kama inakuta ukinzani mdogo mno wakati umeme unawashwa. Weka rezista ya kilo-omu 2 kati ya pini hiyo na potenshomita, ili hata nobu ikiwa mwisho kabisa isikutane na sifuri.